Unavuka mpaka na dola mkononi? Soma hii kabla hujafunga begi

Hii nawaandikia wenzangu wa Kariakoo tunaofuata mzigo Dubai na Guangzhou, lakini na wewe unayempeleka mama India kwa matibabu inakuhusu, na wewe wa diaspora unayerudi nyumbani na hela ya kumalizia nyumba inakuhusu vilevile. Mimi nauza mashuka na mapazia, nimesafiri na keshi miaka kumi na moja sasa, na kinachoniuma kila siku ni kuona mtu ana hela yake halali kabisa, kauza kiwanja, kacheza mchezo na wenzake miezi kumi mpaka zamu yake imefika, halafu hela inamtoka eapoti kwa sababu ya karatasi ambayo ni bure.

Tuelewane kwanza hapa maana ndo watu wengi wanapopotea. Kudeklea hela sio kulipa ushuru. Ushuru unalipia mzigo, hela unaitangaza tu, unamwambia mtu wa forodha nina kiasi hiki, nimekitoa hapa, nakipeleka pale, anaandika, anagonga muhuri, unasepa. Sheria yenyewe ililetwa kwa ajili ya watakatishaji fedha na wanaofadhili ugaidi, Tanzania ipo tangu 2006 na kanuni za kutangaza fedha mipakani zikaja 2016. Na siku hizi wamekaza zaidi kwa sababu Tanzania tuliingizwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, Oktoba 2022 tukatolewa Juni 2025, Kenya nao wakaingizwa Februari 2024, na nchi ikiwa kwenye ile orodha mipakani kunakuwa kwa moto, lazima waonyeshe wanafanya kazi. Sasa anayekamatwa kirahisi sio yule jambazi mkubwa, ni mama wa vitenge aliyeficha dola kwenye pedi kwa sababu shoga yake alimwambia ukisema tu wanakula.

Hatua ya kwanza: hesabu KILA KITU, usiku kabla ya safari

Kaa kitandani, funga mlango, toa hela zote uzimwage. Namaanisha zote. Watu wanahesabu dola tu wanasahau dirhamu zilizobaki safari iliyopita, wanasahau shilingi za teksi na za kumwachia kijana wa mizigo. Sheria haiangalii dola peke yake, inaangalia thamani ya jumla ya fedha zote ulizobeba, za aina zote, ukizigeuza kuwa dola.

Chukua mfano huu. Una dola 7,000. Una dirhamu 9,000 za safari ya nyuma, dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 kwa hiyo hiyo ni kama dola 2,450. Mpaka hapo uko 9,450, unajiona uko salama. Ila kwenye pochi una shilingi milioni moja na nusu, tuseme reti ni 2,500, hiyo ni dola 600 nyingine. Jumla 10,050. Umeshavuka na wala hujui, na ukiulizwa ukajibu "sijafika elfu kumi" umeshasema uongo mbele ya afisa japo moyoni hukukusudia.

Na sio noti tu. Hundi ambayo haijaandikwa jina la mtu, hundi za wasafiri, hati yoyote ambayo anayeishika ndo mwenye hela, vyote vinahesabiwa. Ulaya wameenda mbali zaidi, tangu 3 Juni 2021 hata sarafu za dhahabu zenye dhahabu asilimia 90 na kuendelea, na vipande vya dhahabu vya asilimia 99.5 na kuendelea, wanavihesabu kama keshi. Kwa hiyo kama umenunua kipande cha dhahabu pale Deira, Dubai, unaenda nacho kumtembelea dada Uholanzi, thamani yake inaingia kwenye hesabu.

Ukishahesabu andika kwenye karatasi: dola ngapi na noti za ngapi, dirhamu ngapi, shilingi ngapi. Piga picha hiyo karatasi. Baadaye utaona kwa nini.

Hatua ya pili: jua kiwango cha kila nchi unayopita, sio unayokwenda tu

Hapa ndo patamu. Kila mtu kakariri elfu kumi, elfu kumi, kama sala. Sio kila mahali.

Tanzania ni dola 10,000 au zaidi, kuingia au kutoka. Kenya vilevile, dola 10,000 na kuendelea, na sheria yao ya 2009 inasema ukishindwa kudeklea faini inaweza kufika asilimia 10 ya hela uliyobeba. Uganda wanahesabu kivyao, sheria yao inasema poiti za fedha 1,500 na kila poiti ni shilingi 20,000, ukizidisha unapata milioni 30 za Uganda, ambayo ukiigeuza dola haifiki elfu kumi. Zambia ni dola 5,000 tu, wanaovuka Tunduma kwenda Nakonde shikeni hiyo maana wengi wanaumia wakidhani ni sawa na huku kwetu.

China: ukiingia na fedha ya kigeni inayozidi thamani ya dola 5,000 unadeklea. Elfu TANO. Na yuan zenyewe mwisho wa kuingia au kutoka nazo ni 20,000. Mimi najua watu wameenda Guangzhou mara nane hawajawahi kudeklea, wanasema mbona hamna shida, hamna shida mpaka siku ya kutoka na dola zilizobaki, wanakuuliza hizi uliingia nazo? Fomu iko wapi? Ukiwa ulideklea wakati wa kuingia unaruhusiwa kutoka na kiasi kile ulichokiandika. Ukiwa hukudeklea ndo unaanza kujieleza kwa mtu ambaye Kiingereza chake na chako havikutani.

India, kwa mnaopeleka wagonjwa: noti za kigeni zikizidi dola 5,000, au noti na hundi za wasafiri kwa pamoja zikizidi dola 10,000, unajaza fomu ya tamko la fedha pale pale unapotua. Mgonjwa yupo kwenye wiliche, mama anaumwa, umechoka, unataka kutoka tu nje, najua, ila simama ujaze. Matibabu yakibadilishwa au Mungu akajalia bili ikawa ndogo, utarudi na hela, na hiyo fomu ndo itakutoa nazo.

Emirates, yaani Falme za Kiarabu ilipo Dubai, ni dirhamu 60,000, ambayo ni kama dola 16,300. Wana programu ya simu inaitwa Afseh, unajaza kabla hujafika, na dhahabu na vito vya thamani vinaingia humo humo. Mtoto chini ya miaka 18 hela yake inahesabiwa kwa mkubwa aliyesafiri naye. Oman ni riali 6,000.

Ulaya ni yuro 10,000 au zaidi. Uingereza ni pauni 10,000 au zaidi, unaweza kujaza mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya safari, na usipodeklea faini inafika pauni 5,000. Marekani ni zaidi ya dola 10,000, yaani elfu kumi kamili hudeklei, elfu kumi na moja unadeklea, fomu yao inaitwa FinCEN 105 na inajazwa mtandaoni pia. Marekani wenyewe wanasema wazi hakuna kikomo cha hela ya kuingia nayo au kutoka nayo, wanachotaka ni useme. Usiposema, hela yote inaweza kutaifishwa, na kesi ikiwa mbaya kuna faini na jela.

Viwango vinabadilika, kwa hiyo wiki moja kabla ya safari ingia tovuti ya forodha ya nchi husika uhakikishe. Usiulize kwenye grupu la WhatsApp la wasafiri. Kule kila mtu anakupa jibu la bahati yake.

Hatua ya tatu: hela iwe na historia

Afisa akikuuliza hela umetoa wapi, "biashara" sio jibu. Kila mtu ana biashara. Jibu ni karatasi.

Kama umetoa benki, omba slipu ya kutolea hela yenye muhuri, na stetimenti ya miezi mitatu au sita. Kama umenunua dola duka la kubadilishia fedha, dai risiti, na isome hapo hapo dirishani kabla hujaondoka: jina lako lipo sawasawa na la paspoti? Kiasi ni kile kile? Tarehe? Kuna wanaokuambia bila risiti nakuongezea reti kidogo. Dada yangu, kaka yangu, hiyo shilingi kumi kwa dola unayookoa ndo inayokuacha huna ushahidi wowote duniani kwamba zile dola ni zako. Na unaweza kuuziwa noti feki usiwe na pa kurudi.

Umeuza kiwanja, beba kopi ya mkataba wa mauziano. Mkopo, barua ya benki. Hela ya kikoba, andikeni muhtasari wa kikao, wanachama wasaini, mwenyekiti agonge muhuri kama mnao. Unakwenda kununua mzigo, beba leseni ya biashara, TIN, na profoma ya muuzaji, ile karatasi ya bei kabla hujalipa, hata kama mlitumiana kwa WeChat, iprinti. Mgonjwa, beba barua ya hospitali inayotaja makadirio ya gharama. Ukiwa unabeba hela ya watu wengine, hili nalisisitiza kwa sababu Kariakoo ni kawaida, mtu anakupa dola 2,000 umnunulie simu, mwingine 3,000 za viatu, andika orodha: jina, namba ya kitambulisho, kiasi, na kila mmoja asaini. Fomu nyingi zina sehemu inauliza hela ni ya nani. Ukiandika zote ni zako halafu stetimenti yako inaonyesha biashara ya laki nane kwa wiki, hapo umejifunga mwenyewe kamba.

Kitu kingine kidogo, noti. Dola za kichwa kidogo na zile za zamani acha nyumbani, hata ukideklea salama utafika Deira wakukatie reti au wazikatae. Noti zilizochanika au zenye muhuri wa wino vilevile.

Hatua ya nne: siku ya safari

Hela ikae kwenye begi la mkononi. Usiweke kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, hata siku moja, hata lina kufuli la namba. Na usigawanye kila mahali, kidogo kwenye soksi kidogo kwenye sidiria kidogo ndani ya kopo la maziwa ya mtoto. Noti mia za dola mia, yaani dola elfu kumi, ni kitu cha unene wa sentimita moja hivi na uzito kama gramu mia, ni kidogo hata mfuko wa shati kinaingia, ndo maana watu wanajidanganya kinafichika. Kwenye skana bunda la karatasi linaonekana, na nchi nyingine wana mbwa waliofundishwa kunusa hela. Halafu ukishaificha umebadilisha kesi. Kusahau kudeklea ni kosa moja, kuficha ni kosa jingine, na afisa akikuta dola ndani ya kopo la maziwa hata ukimwonyesha mkataba wa kiwanja ameshakuona wewe ni mtu wa aina gani.

Fika mapema, saa nne kabla sio tatu. Ukifika eapoti, Dar pale Terminali ya Tatu au popote, usiende kwanza kupanga foleni ya uhamiaji. Uliza dawati la forodha liko wapi, sema kwa sauti ya chini, "samahani bosi, nina fedha za kudeklea, naomba nielekeze." Usitaje kiasi hapo mbele za watu. Usimwambie mpagazi, usimwambie dereva wa teksi, usimwambie yule kijana anayefunga mabegi nailoni. Kama kuna watu karibu omba chumba cha pembeni, hela haihesabiwi barazani.

Kwenye fomu utaulizwa jina kama lilivyo kwenye paspoti, namba ya paspoti, uraia, anuani, ndege na njia unayopita, aina za fedha na kiasi cha kila moja, umeipata wapi, unaenda kuifanyia nini, na ni ya nani. Ile karatasi uliyoandika jana usiku ndo unanakili hapa. Usikadirie. Ukiandika 15,000 wakakuta 15,640 unaanza kuulizwa maswali ambayo hayakuwa na haja ya kuulizwa.

Wakati wa kuhesabu, simama, macho yako yasiondoke kwenye hela. Safari yangu moja afisa alihesabu mara mbili kwa mkono, kijana mdogo tu, alikuwa analowesha kidole kwenye sponji, anaweka noti kumi kumi zikiangaliana vichwa, kila akifika elfu moja ananitazama nasema "sawa" anaendelea. Dola 18,200. Ilichukua kama dakika ishirini na tano na maswali yote, akagonga muhuri, akasaini, nakala moja akabaki nayo moja akanipa. Hakuniomba hata maji. Nilitoka pale nikaenda kupanga foleni nimetulia, siangalii nyuma.

Kabla hujaondoka dawatini hakikisha nakala yako ina muhuri, tarehe, saini na jina la afisa. Ipige picha ujitumie kwa imeili. Malipo hakuna. Akitokea mtu akasema kuna ada ndogo, omba risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Sentensi hiyo moja inatosha, huna haja ya kugombana na mtu.

Hatua ya tano: unapotua

Kudeklea Dar hakukudeklei Guangzhou. Hii imewaliza watu wengi. Nchi unayotoka na nchi unayoingia ni sheria mbili, fomu mbili. Ukitua na kiasi kinachozidi cha pale, pita njia nyekundu. Ukipita njia ya kijani umeshatamka kwa miguu yako kwamba huna cha kutangaza, hata kama hakuna aliyekuuliza neno. Fomu ya nyumbani waonyeshe, inasaidia sana kwa sababu inaonyesha hela imetoka kwenu kihalali na ulikuwa muwazi tangu mwanzo, ila haichukui nafasi ya fomu yao.

Mipaka ya nchi kavu

Namanga, Sirari, Tunduma, Mutukula, Rusumo, sheria ni ile ile, haina ndege wala basi. Tatizo la mipaka ya barabarani ni kwamba basi linasubiri, kondakta anapiga kelele twende twende, kila mtu anakimbilia muhuri wa uhamiaji arudi kwenye siti. Mwambie kondakta mapema, kabla hamjafika, kwamba utachelewa kidogo forodhani, hata ukimpa sababu nyingine. Pale penye kituo cha pamoja mnatoka na kuingia ndani ya jengo moja, kwa hiyo unadeklea upande wa kutoka halafu hatua chache mbele unadeklea upande wa kuingia. Msiende njia za panya na hela. Wanunuzi wa mahindi mnanielewa. Kule ukikamatwa una makosa mawili, na usipokamatwa na polisi kuna wanaosubiri watu kama nyie vichakani.

Kugawana hela ili kila mtu awe chini ya kiwango

Nisikilizeni hapa maana hili limenikuta.

Miaka ya mwanzo nilisafiri na wifi yangu, nchi siitaji. Nilikuwa na 14,300. Nikabaki na 9,800, nikampa wifi 4,500, nikajiambia kila mtu yuko chini ya elfu kumi, tumemaliza. Tulipotua wakatutenganisha. Mimi nikaulizwa una kiasi gani nikasema 9,800, kweli. Wifi akaulizwa, akasema 4,500, kweli. Akaulizwa hela ni ya nani, na yeye ni mtu mkweli hajazoea mambo, akasema ya wifi yangu yupo pale. Basi. Tulikaa chumba kile saa sita, wifi analia, mimi najieleza, karatasi za dola sina hata moja kwa sababu nilinunua mtaani bila risiti. Hela ikazuiwa. Niliipata baada ya miezi minne, imekatwa faini, mzigo wa sikukuu umeshapita, na mdogo wangu aliyekuwa ananidai ada ya mtoto alikaa muhula mzima akihangaika. Sikuwa mwizi wa mtu. Hela ilikuwa yangu.

Kwa hiyo jua: Uingereza familia au kundi mkisafiri pamoja mnahesabiwa jumla, ikifika pauni 10,000 mnadeklea hata kama kila mmoja ana kidogo. Marekani familia ikijaza tamko moja la pamoja na jumla imezidi 10,000, mnaripoti, na kumgawia mtu hela zako ili kukwepa ripoti ni kosa lenyewe.

Kuna kesi yao maarufu, ya Hosep Bajakajian. Juni 1994 alikuwa anatoka Los Angeles na familia yake kwenda Cyprus kulipa deni, deni halali kabisa. Mbwa wa forodha wakanusa hela kwenye mabegi. Akaambiwa lazima aseme kama ana zaidi ya 10,000, akasema yeye ana 8,000 na mkewe ana 7,000, hakuna nyingine. Wakapekua wakakuta jumla dola 357,144. Serikali ikataka kuchukua zote. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, mwaka 1998 majaji watano kwa wanne wakasema kuchukua zote ni adhabu iliyopitiliza kwa sababu kosa lake lilikuwa kutosema tu. Sasa kabla hujafurahi: miaka minne kortini, na akahukumiwa pia. Halafu mwaka 2001 Marekani wakatunga sheria mpya ya kosa la kuficha keshi kuvuka nayo mpaka, ambayo ni kali zaidi. Yote hayo kwa hela ambayo angejaza fomu angepanda nayo ndege kawaida.

Ukisahau, au ukikamatwa

Umefika foleni ya ukaguzi unakumbuka hujadeklea. Sema SASA, kabla begi halijafunguliwa, kabla hujaulizwa. "Samahani, nina fedha sijazitangaza, naomba fomu." Anayejisemea mwenyewe na anayekutwa hawachukuliwi sawa, popote pale.

Wakishazizuia, usipige kelele, usitoe rushwa, hapo ndo unaongeza kosa juu ya kosa. Omba zihesabiwe mbele yako. Omba hati ya kuzuiliwa yenye kiasi, aina ya fedha, sababu, jina la ofisi na namba ya jalada. Usisaini karatasi ya lugha usiyoielewa, omba mkalimani. Hasa kama karatasi inasema unaziacha hela kwa hiari yako, kuna watu wamesaini hivyo ili waachiwe wawahi ndege. Piga ubalozi, tafuta wakili wa kule kule. Na hesabu siku, kila nchi ina muda wake wa kukata rufaa. Ulaya kwa mfano forodha inaweza kuzuia hela siku 30 na ikarefusha mpaka 90 wakichunguza, wewe huo muda unatuma karatasi: slipu, stetimenti, mkataba, kila kitu. Ukiwa ulifanya ile hatua ya tatu, unatuma siku hiyo hiyo.

Au punguza keshi

Mimi siku hizi hela kubwa ya mzigo natuma kwa TT, yaani kutoka benki kwenda benki, moja kwa moja kwa muuzaji, nabeba ya kula, ya hoteli, ya vitu vya kuokotaokota sokoni. China tangu 2023 Alipay na WeChat Pay zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, hata muuza chai wa Xiaobei kule Guangzhou unaskani. Makato yapo, na muuzaji mwingine anakupa bei nzuri kwa keshi, najua. Piga hesabu zako mwenyewe, ila kwenye hizo hesabu weka na usingizi wa usiku ule unaolala hotelini na dola elfu ishirini chini ya mto.

Faili la plastiki

Nunua lile la vifungo, la kuona ndani, buku tu. Usiku kabla ya safari ndani liwe na: karatasi ya hesabu, slipu ya benki, risiti ya dola, leseni na TIN, profoma au barua ya hospitali, orodha ya wenye hela kama zipo za watu, kopi ya paspoti, na peni mbili kwa sababu peni ya dawatini huwa haina wino. Ukishadeklea nakala ya muhuri inaingia humo mbele kabisa, haitoki mpaka umerudi, maana ukirudi na hela iliyobaki na ikawa inafika kiwango utadeklea tena kuingia na watataka kuona ulitoka na kiasi gani. Nyumbani nazitunza kwenye boksi la viatu chini ya kabati, ninazo mpaka za miaka sita nyuma, na mwaka juzi benki waliponiuliza kuhusu dola nilizotaka kuweka nililibeba lile boksi lote nikawawekea mezani.